Hesabu ya daraja: familia iliyotoka Mji wa Kale ikahamia Nyali ikakaa miezi 22

Kabla sijaanza

Mimi ni dalali wa nyumba, naonyesha watu nyumba hapa Mombasa, upande wa Nyali, Bamburi na kisiwani, na kisa hiki nami nimo ndani manake nyumba yenyewe ni mimi niliwatafutia na komisheni yangu nikala. Wenyewe nimewaomba ruhusa wakanambia andika bora usitutaje, kwa hivyo majina si yao, jengo silitaji, shule siitaji, umri wa watoto nimeusogeza kidogo. Pesa ni zile zile, tulikaa na Mama Nuru na daftari lake tukazipitia moja moja.

Nimeamua kukiandika kwa sababu kila wiki nina mteja anayetaka Nyali, mtaa wa pesa, na nikimuuliza kwa nini Nyali ananiangalia kama nimemuuliza kwa nini anataka pesa.

Walikotoka

Baba Nuru ni mtu wa kuklia mizigo bandarini, yaani kuwatolea watu mizigo yao forodhani. Mnajua vile kazi hiyo ilivyoumia mizigo ilipoanza kupandishwa treni ya SGR ikakliwe Nairobi kuanzia 2018, kuna miaka yeye alikuwa anaenda ofisini kupiga stori tu na kurudi. Septemba 2022 Rais Ruto siku ya kuapishwa kwake akatangaza kazi irudi Mombasa, na kufika mwisho wa mwaka ule jamaa akawa anapumua. Mama Nuru ana duka la leso na vitambaa Biashara Street, duka la marehemu babake, yeye na dadake.

Walikuwa wanakaa Mji wa Kale ghorofa ya juu ya nyumba ya urithi, chini anakaa mamake Baba Nuru, ambaye humu nitamwita Bibi. Kodi hakuna, ila paa likivuja ni wao. Watoto watatu: Nuru miaka 9, kaka yake miaka 6, na mdogo hajafika miwili. Yule wa kati ana pumu. Nyumba za kule zile kuta za mawe na chokaa zikinyonya unyevu zinaota ukungu, na jirani wa nyuma alikuwa anakaanga viazi vya karai kwa makaa kila jioni, moshi unapanda moja kwa moja hadi dirisha la watoto. Mwaka 2022 yule kijana alipelekwa hospitali mara 7, mara mbili ni usiku wa manane amebebwa begani mpaka barabara kubwa kwa sababu gari haiingii kichochoroni.

Hiyo ndiyo sababu ya kweli. Lakini siku waliponipigia simu hawakunitajia pumu, waliniambia wanataka "mahali pazuri, pametulia, watoto wacheze". Na Baba Nuru kando akaniambia wateja wake wawili wanakaa Nyali, na yeye akiulizwa anakaa wapi anaona haya. Sikumlaumu, Nyali ni jina.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Januari 2023 nikawapata apatimenti ya vyumba vitatu, ghorofa ya pili, lifti, jenereta, bwawa la kuogelea, ukuta na seng'enge ya umeme, askari wawili getini. Kodi 75,000, sevisi chaji 8,000, dipoziti ya miezi miwili. Walipiga hesabu yao mbele yangu: kodi, sevisi, na mafuta ya gari yataongezeka kama elfu 7 hivi, jumla elfu 90 kwa mwezi. Tunaweza, wakasema. Nikawaambia mnaweza.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa tamu na nataka niseme hivyo waziwazi, manake watu wakishahama hupenda kusema hata mwanzo walijua. Hawakujua. Upepo wa bahari unaingia sebuleni, usiku kimya, watoto baiskeli ndani ya kompaundi bila mtu kupiga kelele "gari!". Jumamosi asubuhi wanatembea hadi ufuoni kwa ile njia ya umma kabla jua halijakaza. Duka kubwa dakika tano, daktari wa watoto dakika sita, shule mpya ya wawili wakubwa dakika nane. Na yule kijana akalala. Mama Nuru aliniambia wiki ya kwanza alikuwa anaamka saa nane usiku kwa mazoea, anaenda kuweka sikio kifuani kwa mtoto, anasikia pumzi tu inaenda, anarudi kulala.

Halafu daraja likaanza.

Kwa asiyeijua Mombasa: mji wenyewe uko kisiwani, na ukitoka pwani ya kaskazini, iwe Nyali, Kisauni, Bamburi, Kiembeni au hata Mtwapa, mlango ni mmoja tu, daraja la Nyali. La zamani lilikuwa linaelea juu ya maji, la mwaka 1931, hili la sasa ni la 1980, na watu wa kaskazini wa leo si wale wa 1980. Ukitaka kulikwepa ni kuzunguka mbali, kama kwenda mpaka Mavueni upitie Kaloleni utokee Mazeras, yaani usafiri wa siku. Kwa hivyo tajiri wa Nyali na mama wa Kisauni aliyebanwa ndani ya matatu wanakutana palepale, mwendo uleule, ila mmoja ana eisi.

Baba Nuru alikuwa anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na anapita bila shida. Tatizo ni Mama Nuru. Duka linafunguliwa saa tatu, kabla ya hapo ampeleke mdogo kwa Bibi Mji wa Kale manake hawakutaka yaya wa kutoka nje, na akiondoka saa moja na robo anafika Buxton, ng'ambo ya daraja upande wa kisiwani, saa mbili na dakika tano. Alianza na tuktuk, akabeba mtoto na mfuko wa nepi katikati ya moshi wa malori, akachoka. Juni wakachukua mkopo wa Sacco, chama chao cha akiba na mikopo, wakanunua gari dogo, Vitz ya mkono wa pili, elfu 18 kwa mwezi. Septemba hiyohiyo petroli ikapita shilingi 200 kwa lita.

Na kuna chuo. Watoto walisoma Qur'ani Mji wa Kale kwa maalim aliyemsomesha baba yao, na Bibi akasema chuo hakibadilishwi. Nyali na Kongowea madrasa zipo, tena nzuri, lakini suala halikuwa kusoma tu, lilikuwa heshima ya maalim. Wakapatana na jamaa wa tuktuk, kila siku Jumatatu hadi Ijumaa saa tisa anawachukua getini, saa kumi na moja na nusu anawarudisha, elfu 12 kwa mwezi. Wana wanafika nyumbani Magharibi imeingia, hawajala, homuwaki bado, bwawa la kuogelea wanaliona kwa dirisha.

Siku moja Nuru na kaka yake walikwama Kengeleni saa nzima, lori limeharibika pale kati, na dereva wa tuktuk ili wasilie akawasimulia ile kengele pale ilivyokuwa inapigwa zamani enzi za Freretown, miaka ya 1870 wamishonari walipoweka makazi ya watumwa waliokombolewa, ikilia watu wajue wanaokuja kuwakamata wako karibu. Kijana akarudi nyumbani akamuuliza mamake kwa nini sasa haipigwi ili magari yaondoke. Tulicheka sana tuliposimuliwa, lakini mtoto alikuwa ameuliza kitu cha maana.

Maji nayo. Maji ya Mombasa yanatoka mbali: Mzima huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, Baricho, Marere, Tiwi. Kaunti yenyewe haina mto wa kudumu. Kwa hivyo ya bomba yakikatika, na yanakatika, jengo linafungulia kisima. Chini ya Nyali ni matumbawe na bahari iko hapo, maji ya kisima ni ya chumvi. Hita ya maji iliharibika mara mbili, birika likaota magamba meupe, leso za Mama Nuru zikapauka. Wakawa wananunua ya kunywa kwa mitungi, na mwezi mbaya kila nyumba inatozwa elfu 4 zaidi za malori ya maji matamu. Na mimi dalali nilikuwa nimewaambia "maji hapa si tatizo, kuna kisima".

Bibi na kiti chake

Hapa nitakaa kidogo.

Oktoba 2023 wakaona suluhisho ni Bibi ahamie kwao, mdogo asivushwe daraja kila siku. Bibi akaja na begi moja, mswala na redio yake. Alikaa siku tisa. Asubuhi wote wanatoka, anabaki na mtoto ghorofa ya pili, milango yote imefungwa, hasikii sauti ya mtu. Siku ya tatu akabeba kiti cha plastiki akashuka kwa lifti akaenda kukaa getini na askari, mzee mmoja Mgiriama wa Kaloleni, wakawa wanazungumza habari za mvua na minazi, mtoto anacheza pale chini ya mwarobaini. Wauza samaki wakipita Bibi anawaita, anapatana bei, anajua jina la mtu na kwao. Kwa ufupi amefungua baraza.

Siku ya saba ikatumwa meseji kwenye grupu la WhatsApp la jengo kwamba wakazi na wageni wao wanaombwa wasikae eneo la geti, ni suala la usalama na taswira ya jengo. Jina halikutajwa. Baba Nuru hakujua amwambie vipi mamake, akamwambia jua kali. Bibi si mjinga. Akasema, "Mwanangu, hapa mtu yuwafungiwa kama kuku wa mayai. Nirudishe kwangu." Siku ya tisa akarudishwa.

Ila nisije nikawafanya majirani wabaya. Ramadhani ya kwanza Mama Nuru alipeleka futari ghorofa ya tatu, tambi, sambusa na kaimati, kwa mama mmoja asiyemjua. Sahani ikarudi siku ya tatu mkononi mwa askari, imeoshwa, ndani ya mfuko wa supamaketi, tupu. Kwetu sahani hairudi tupu, hata ukitia ndimu mbili. Alikereka mpaka akanipigia simu mimi, eti umenipeleka kwa watu gani. Miezi minne baadaye kijana akabanwa na pumu saa nane usiku, ndiyo mara ya kwanza tangu wahame, baba yuko safari, na yule yule wa ghorofa ya tatu, kumbe ni mtu wa hospitali na alikuwa kwenye shifti za usiku Ramadhani nzima, akashuka na nebulaiza yake (mashine ya kuvuta dawa ya pumu) na nguo ya kulalia akakaa na mtoto hadi alfajiri. Urafiki ukaanzia hapo na upo hadi leo.

Maamuzi waliyoyafanya na kwa nini

Kuhama kwenyewe sioni kosa. Mtoto alikuwa anaumwa na nyumba ya urithi hawangeweza kuibomoa, ina ndugu sita. Kosa dogo ni kwamba hawakulitaja tatizo lenyewe kwa jina lake. Wangeniambia "tunatafuta hewa kavu na dirisha lisilo na moshi" ningewaonyesha sehemu nne, Nyali ikiwa moja. Waliponiambia "pazuri" nikawapeleka panapoitwa pazuri.

Vitz ilinunuliwa kwa uchovu. Mama Nuru mwenyewe asema alisaini karatasi za Sacco siku aliyotapikiwa na mtoto ndani ya tuktuk. Ilimsaidia mwili lakini gari halifupishi daraja, foleni ni ile ile na sasa mafuta ni yake.

Chuo kubaki Mji wa Kale uliamuliwa na Bibi na hakuna aliyethubutu. Mimi siingilii ya dini na wazee, nasema tu ndiyo yaliyogharimu zaidi kuliko yote ukihesabu saa za watoto.

Machi 2024 wakaketi na daftari. Badala ya elfu 90 walikuwa wanatumia hivi: kodi 75, sevisi 8, malori ya maji 4, ya kunywa 3, mkopo wa gari 18, tuktuk ya chuo 12, petroli ya nyongeza 14. Elfu 134. Baba Nuru akanipigia akitaka nyumba ya bei rahisi zaidi hukohuko Nyali, ndani ndani.

Nikamwambia ngoja, wiki moja nipe hesabu nyingine. Kila familia yenu inapovuka daraja, mtu au gari lolote kwa ajili yenu, chora mstari kwenye kalenda ya jikoni. Kwenda mmoja, kurudi mmoja. Jumapili usiku Nuru akanipigia picha ya kalenda: 40. Baba 12, mama 12, tuktuk ya chuo 10, chakula cha Jumapili kwa Bibi 2, arusi Majengo 2, Bibi kupelekewa dawa 2. Mistari arobaini kwa wiki, familia moja, na wao walidhani wanakaa Nyali. Walikuwa wanalala Nyali.

Matokeo

Novemba 2024 wakahamia Tudor, kisiwani, karibu na mkono wa bahari, upepo upo, hakuna jiko la makaa dirishani, kodi 45,000. Watoto hawakubadilishwa shule, na hapa ndipo penye siri ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeifikiria: asubuhi foleni yote inaingia mjini, basi la shule likitoka Tudor kwenda Nyali linaenda kinyume, barabara nyeupe. Dakika 20. Basi la wawili ni elfu 15 kwa mwezi. Mchana linawarudisha kisiwani kabla ya ile foleni ya jioni ya kutoka mjini, linawashusha Mji wa Kale kwa chuo, wanakula kwa Bibi, mama akifunga duka anawapitia wote watatu.

Kalenda mpya: basi 10, na wikendi wakienda ufuoni au kwa rafiki wa ghorofa ya tatu, 2. Vitz bado inalipiwa.

Hasara? Zipo. Dipoziti ya Nyali ilirudi nusu, wenye jengo wakasema ni rangi na hita, hita iliyoliwa na maji yao wenyewe. Tudor kuna maji ya kukatika vilevile, wameweka tenki. Sekyuriti ni mlango wa chuma na majirani, pikipiki ya jirani imeshaibwa. Nuru alinuna karibu muhula mzima kwa sababu ya baiskeli, kwenye ile nyumba hakuna pa kuendesha. Kijana, mwaka wa kwanza Nyali alienda hospitali mara 2, na miezi sita ya kwanza Tudor mara moja.

Nini kilifanya kazi, nini kilikwama

Nyali iliwapa walichokuwa hawakukitaja, yaani pumzi ya mtoto na usingizi, na hilo lingetosha kulipia lolote kama lingepatikana Nyali peke yake. Halikuwa hivyo. Vile vingine, bwawa, jenereta, lifti, walivilipia kila mwezi na hawakuvitumia manake mchana wote walikuwa ng'ambo. Hii naiona kwa wateja wengi: mtaa wa pesa unamfaa mtu ambaye maisha yake yote yako hukohuko, kazi yake, shule, msikiti au kanisa, wazazi, rafiki. Jirani yao mmoja mwenye hoteli Bamburi huvuka daraja mara moja kwa mwezi na ukimuuliza atakwambia Nyali ni pepo, na hadanganyi.

Kilichokwama zaidi ni vitu vya bure. Mji wa Kale mtoto analelewa na kichochoro, mahamri yanapita mlangoni saa kumi na mbili, mgonjwa anajulikana kabla hajaumwa vizuri, Bibi ana baraza. Hakuna anayeviandika kwenye bajeti kwa sababu havina risiti. Ukivuka daraja kila kimoja kinataka pesa au mafuta: yaya, tuktuk, kahawa ya kukaa na mtu. Ajabu ni kwamba soko la Kongowea, kubwa kuliko yote huku kwetu, liko mgongoni mwa Nyali na wakazi wengi wananunua nyanya zilizofungwa nailoni. Mama Nuru alilivumbua mwezi wa kumi na moja.

Kuhusu Bibi sina jibu. Kuna wanaosema angezoea. Mimi naona jengo ambalo mzee hana pa kuweka kiti halijamalizika kujengwa, lakini hiyo ni rai yangu na mimi nauza nyumba, sijengi.

Na kosa langu. Niliwaonyesha nyumba Jumapili saa nne asubuhi, daraja tupu, maji ya bomba yanatoka. Sasa mteja mwenye kazi kisiwani simwonyeshi Nyali siku nyingine ila Jumatatu, namwambia tukutane palepale kwenye geti la jengo saa moja na robo, anifuate kwa gari lake hadi mlangoni kwa kazi yake ndipo tuzungumze kodi. Wawili wameshanikatia simu na kughairi wakiwa juu ya daraja. Na kabla ya hapo tukiwa bado ndani naingia jikoni, nawaambia askari wafungulie maji ya kisima, nateka kiganjani naonja mbele ya mteja, naye namwambia aonje. Mama mmoja wa Kizingo aliniuliza kama niko sawa kichwani, kisha akaonja, akatema kwenye sinki.